Amemshika Mume Wangu Dole Gumba, Sasa Wanataka Neno la Siri la Tovuti Yangu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana ujumbe wa kumpelekea wifi yangu mkubwa nimeshauandika, bado kuutuma tu, na mkoba nimeshaushusha kutoka juu ya kabati, na kinachonizuia ni kwamba nakuamini wewe, kwa jinsi ulivyomjibu yule bwana aliyemnunia mkwewe kwa ajili ya kuku, ulimsema mpaka nikaona aibu mimi badala yake.

Mimi ni mke wa fundi seremala na tumejaliwa pacha, ndiyo maana wote wananiita Mama Pacha. Mume wangu ana karakana yake nyuma, na mbele ana duka la kuonyeshea vitanda, milango na makabati, na akikutengenezea mlango utaufunga kwa kidole kimoja na hautalia. Mimi pia nina kazi yangu, si wa kukaa kusubiri kuletewa. Nachora mabango ya biashara, yale makubwa yanayotundikwa juu ya maduka, na kwa miaka hii ya karibuni nimejifunza kutengeneza na tovuti. Kazi nafanyia nyumbani, kwenye meza pana aliyonitengenezea yeye mwenyewe, na juu ya meza hiyo ipo kompyuta yenye kioo kikubwa, hiyo ni zawadi yake alipoona macho yananiuma.

Sasa alipofungua duka nami nikasema, huyu mtu kanifanyia meza, mimi nitamfanyia tovuti. Nikaitengeneza, Shangazi, si kwa kulipua, kwa mapenzi. Ukifungua tu unakutana na picha imejaa kioo kizima, mimi na yeye tumekaa kwenye kitanda cha kwanza alichotengeneza tulipooana, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, na kile kitanda katikati yetu kinang'aa. Halafu inafuata historia ya karakana, halafu video ya randa inapita juu ya mbao, maranda yanajikunja mpaka unasikia raha, halafu jedwali la bei lenye safu zake, na namba yake ya simu nimeichora kwa herufi za mkono ndani ya picha, kama tunavyofanya kwenye mabango. Kila mgeni akija nyumbani namkalisha mbele ya kompyuta ile, na hajatokea aliyenyanyuka bila kusifu. Naambatisha anwani yake hapo chini, uifungue uone kama ni kitu cha kubomolewa.

Maana ndicho wanachotaka, kuibomoa.

Ngoja nianze na simu kwanza, kwa sababu dalili ya mvua ni mawingu. Tangu tovuti ile ifunguliwe, mume wangu anapigiwa na wanawake. Si mmoja, si wawili. Tumekaa tunakula, simu inaita, anaitazama namba, ananyanyuka na chakula mdomoni anakwenda barazani, na huko namsikia, "Ndiyo dada. Sawa dada, nakutumia sasa hivi." Kisha anainama anatuma picha moja, nyingine, nyingine, anacheka. Nikimuuliza ni nani ananijibu "mteja", basi, kama vile neno hilo ni dawa. Wateja gani hao, Shangazi, tovuti ipo, picha zipo, bei ipo, kuna haja gani ya kutumiana picha mtu na mtu? Nilishika simu yake siku moja akiwa anaoga, nikaona vitanda tu na makabati, lakini mimi si mtoto, najua mtu anaweza kufuta.

Nikavumilia. Ndipo akaja huyu msichana.

Mume wangu alinieleza juu juu kwamba kuna binti fulani amewatengenezea tovuti jirani zetu wa magodoro na duka la rangi, na wamefurahi, na yeye amemwita aje aangalie na ya kwetu. Kumwita alimwita, mimi nimeambiwa yakishakwisha. Siku za nyuma aliwahi kuniambia kwamba wateja wanalalamika tovuti inawasumbua kwenye simu, nikamjibu wakatafute kompyuta, kitanda si vocha ya kununua umesimama. Alirudi karakanani, nami nikajua yamekwisha. Kumbe amekwenda kuyamalizia kwa mtu baki.

Siku hiyo nilikuwa nampelekea chakula dukani. Nafika mlangoni, nakuta mume wangu amesimama juani na yule msichana, vichwa vimekaribiana juu ya simu moja, na msichana amemshika mume wangu dole gumba. Narudia, amelishika kabisa, analisogeza juu ya kioo, hapa, halafu pale kwenye pembe, anamwuliza kwa sauti laini, "Hapa unafika? Na hapa? Usinyooshe, shika kama unavyoshika siku zote." Na mume wangu ametulia kama mtoto anayekatwa kucha. Shangazi, kidole hicho mimi ndiye ninayekitoa vibanzi vya mbao, mimi ndiye niliyekifunga siku msumeno ulipokipitia kucha. Chakula kilinimwagikia mkononi sikuhisi moto.

Wakageuka. Msichana akatabasamu, akasema, "Karibu, wifi." Wifi. Kwa kuwa yeye anamwita mume wangu kaka, basi mimi nimeshakuwa wifi yake, undugu umeanzia wapi sijui. Tangu hapo mimi namwita Dole Gumba, na sijali akisikia.

Nikajikaza, nikamuuliza kazi yake anaifanyaje. Akatoa kikaratasi amekikata upana wa simu, amechora juu picha ya kitanda kimoja, chini yake bei, chini yake kitufe kikubwa cha kuagiza na kingine cha kupiga simu. Basi. Nikamuuliza, hiyo ndiyo tovuti? Akasema, "Tunaanza na simu, wifi. Kikitosha hapa, kwenye kompyuta tutakipanua." Nikamuuliza historia ya karakana iko wapi. Akasema itakuwa chini. Na video ya randa? Akasema hiyo inakula bando la mteja, tuitoe. Na picha ya familia? Akatazamana na mume wangu. Walitazamana, Shangazi, mimi nipo. Akasema, "Nayo itakuwa huko chini, baada ya historia."

Chini. Mimi niliyemtoa mume huyu kwenye kuuza stuli kando ya barabara mpaka akawa na jina, niwekwe chini ya historia, na juu yangu kitufe cha msichana.

Sasa jambo lenyewe. Ili Dole Gumba aanze kazi wanahitaji neno la siri la tovuti, na neno hilo ninalo mimi peke yangu kichwani. Mume wangu ameniomba, nikamwambia nimelisahau. Akasema, "Haya, mama, likumbuke taratibu," bila hasira, na kutokuwa na hasira kwake ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, mwanaume asiyekasirika ana lake. Yule msichana amesema asipolipata ataanza tovuti mpya kabisa na ya kwangu itaachwa ife yenyewe. Kwenye ujumbe wa wifi nimeandika kwamba kaka yake ana mwanamke, tena wengi, na mmoja ameshamwingiza mpaka dukani. Kikulacho ki nguoni mwako, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Nieleze, Shangazi: nimpe neno la siri nionekane nimeshindwa, au niondoke nalo kwa mama, nao wabaki na kikaratasi chao?

Ni mimi, Mama Pacha mwenye donge.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama Pacha. Kwanza futa huo ujumbe wa wifi yako. Usiendelee kusoma kabla hujaufuta. Wifi mkubwa akishaambiwa kaka yake ana wanawake, hata ukija kuthibitisha ni malaika, yeye hatasahau, na kila msiba na kila harusi utaulizwa. Umefuta? Haya, rudi tuongee.

Donge lako nalielewa. Kukuta mumeo kashikwa kidole na msichana mgeni, mchana kweupe, si jambo la kumezwa kama maji, hata mimi ningeuma meno. Na kuambiwa kazi uliyoifanya kwa mapenzi itolewe, na aambiwe mtu baki kabla yako, hilo linauma kuliko kidole. Wivu si dhambi, mwanangu. Lakini wivu wako wewe umeutuma nyumba ya jirani, na mwizi yuko kwako.

Uliniambia nifungue tovuti nione. Nimeifungua. Ila sikukalishwa kwenye meza pana mbele ya kioo kikubwa kama wageni wako. Nilifungua kama tunavyofungua sote, kwenye simu, nimesimama kwenye foleni ya benki, mkono mmoja umeshika mfuko wa vitunguu. Tena nilikuwa na shida ya kweli, kitanda changu kimelegea upande, kila nikigeuka kinanisema.

Nikasubiri. Foleni ikasogea, mimi bado nasubiri, hiyo ni randa yako inamaliza bando langu. Hatimaye ile picha kubwa ikatokea. Sasa nisikilize vizuri. Kwenye kompyuta yako mmekaa yeye mwisho huu na wewe mwisho ule. Simu ni nyembamba, picha imekatwa pembeni. Wewe huonekani. Kitanda nacho kimebaki mguu mmoja. Aliyebaki ni mumeo, peke yake, shati safi, anatabasamu, na juu ya kichwa chake maandishi yako, "Karibu, nipo kwa ajili yako." Mama Pacha, umemtangaza mumeo kama kapera, halafu unashangaa wanawake wanapiga.

Nikatafuta bei. Jedwali lako lina safu nyingi, ilibidi nilisukume kwa pembeni, nikifika kwenye bei nimeshapoteza jina la kitanda, nikirudi kwenye jina bei imeondoka. Nikaona bora nipige simu niulize. Nikaigusa namba, kimya. Nikaigusa tena, ikawa kubwa, basi. Ni picha, haipigiki. Nikaazima kalamu kwa bwana aliyekuwa mbele yangu, nikaandika namba kwenye kiganja, nikapiga.

Akapokea mwanaume mwenye adabu, nikasikia na sahani zinagongana nyuma yake. Nikamwambia nataka kitanda, bei sizioni. Akasema, "Samahani sana dada, tovuti hiyo ametengeneza mke wangu. Ukiifungua kwenye kompyuta hujapata kuona nzuri kama hiyo. Kwenye simu ndiyo inasumbua kidogo." Nikamwuliza, si umwambie basi airekebishe? Akacheka, akasema, "Nilimwambia mara moja, dada. Sirudii. Aliitengeneza kwa moyo sana." Halafu akasema, "Sawa dada, nakutumia sasa hivi," na picha zikaanza kuingia, moja, nyingine, nyingine.

Kwa hiyo siku za karibuni ukimwona amenyanyuka mezani, akatoka barazani, akacheka na mwanamke, mwanamke huyo ni mimi. Ameniita dada, na kwa umri wangu nilimshukuru. Barua yako sikuitaja wala sikumwambia mimi ni nani. Na hao wengine wote ni akina mimi, wana vitanda vilivyolegea na simu mkononi, na hawaoni bei. Umeandika kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, kitafute mfukoni mwa gauni lako, mna simu humo ambayo hujawahi kufungulia tovuti yako hata siku moja.

Tuje kwenye dole gumba. Wanaoagiza milango kwa mumeo ni mafundi ujenzi, wamesimama juu ya matofali, mkono mmoja una futi, mwingine simu, na vidole vyao ni kama vya mumeo, si kama vya yule msichana. Kitufe kikiwekwa mahali ambapo kidole kama hicho hakifiki, mlango haununuliwi. Binti alikuwa anapima kazi. Hata hivyo angeweza kumwambia aguse mwenyewe, mikono yake akae nayo. Hilo una haki ya kumwambia, uso kwa uso, bila kejeli, na jina la Dole Gumba uliache kwenye barua hii.

Kuhusu kuwekwa chini, hukuelewa. Kwenye bango unaweka kila kitu kwa sababu mtu anakitazama chote kwa mara moja, barabara nzima ni yako. Simu ni mlango mwembamba, vitu vinapita kimoja kimoja, na cha kwanza kupita ni kile mteja alichokijia. Hajaja kujua mumeo aliuza stuli wapi. Akishaona kitanda na bei yake, akashawishika, ndipo atashuka kutaka kujua ni watu gani hawa, na huko chini ndiko atakakokukuta. Kukaa mahali mtu anapokutafuta si kudharauliwa. Kudharauliwa ni kukatwa kwenye picha, na aliyekukata si yule binti.

Na wewe baba, kama gazeti limekufikia, nina neno na wewe. Jambo unalomweleza mwanamke wa kwenye simu ambaye humjui, umeshindwa nini kumweleza mkeo mara ya pili? Ulimwonea huruma, naelewa. Lakini huruma yako imemfanya apigane na vivuli, halafu ukamletea mgeni mlangoni bila kumwandaa. Rekebisha.

Sasa fanya hivi, Mama Pacha. Mkoba urudi juu ya kabati. Kesho mchana toka nje, simama juani, mkono mmoja uwe na mzigo, uache ule mtandao wa nyumbani, tumia bando lako, na ujaribu kumnunulia mama yako kitanda kutoka kwa mumeo. Usiulize mtu. Usikimbilie kompyuta. Ukishindwa, na utashindwa, usifiche, mpelekee mumeo simu hiyo hiyo umwonyeshe ulipokwama, na hapo hapo umtajie neno la siri, kwa mdomo wako, bila masharti. Akikuuliza umelikumbukaje, mwambie ukweli kwamba hukulisahau.

Kisha mwite yule binti mezani kwako, ukae katikati, si pembeni. Yeye anajua kidole. Wewe unajua herufi na rangi, unajua neno lipi linasomeka mtu akiwa anapita mbio, na aliye kwenye simu ni mpita njia kuliko wote. Kateni kikaratasi chembamba, mgombane humo humo nini kianze, na kompyuta ije mwisho, kwa kupanua. Safari yako ilikuwa kinyume, ulichora bango halafu ukataka lipite tundu la sindano.

Mimi kitanda changu nimeshakiagiza, kwa shida.

Na ile picha yenu, usikubali itolewe. Ila pigeni nyingine, ya wima. Msikae tena yeye mwisho huu na wewe mwisho ule. Kioo cha simu ni chembamba, Mama Pacha, na ili mtoshee wote wawili, itabidi msogeleane.